Vali ya Wodi ya Watoto Njiti

Vijana wangu wa chuo, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie juu ya kuseti kontrola za joto na hewa majengoni, kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nilipostaafu mwaka juzi. Alisema niandike kitaalamu. Nimejaribu mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi. Utaalamu mnao kwenye vitabu vyenu na kwenye simu zenu, tena mzuri kuliko wangu. Mimi nilicho nacho ni mambo niliyoyaharibu na watu walionionyesha namna ya kuyatengeneza. Nitawapa hayo.

Watu wa Dar wakisikia nilikuwa fundi wa kupasha vyumba joto Tabora hucheka sana. Wanadhani huku kwetu ni jua tu na vumbi. Waje mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, wasimame barabarani pale Ipuli waone watu wanavyokwenda kazini wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba, mikono kwapani. Mtu mzima anavumilia, jua likipanda anavua koti. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia hana mwili wa kuvumilia. Ndiyo maana hospitali niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja jina, ilipojenga jengo jipya iliweka chila ya kupoza vyumba vya upasuaji, na boila la dizeli la kupasha joto wodi ya watoto njiti.

Wodi ile iliendeshwa hivi. Ukutani kulikuwa na sensa, inayohisi joto la chumba. Sensa inampelekea habari kontrola, kisanduku kidogo kilichofungwa juu ya dari karibu na feni. Kontrola analinganisha joto lililopo na joto linalotakiwa, kisha anafungua au anafunga vali ya maji ya moto. Maji yanapita kwenye koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa, feni inapuliza hewa ya nje juu ya koili, hewa inaingia chumbani, chumba kinapata joto, sensa inahisi, na habari inarudi tena kwa kontrola. Inazunguka hivyo mchana kutwa. Kuseti ni kumfundisha huyo kontrola achukue hatua kubwa kiasi gani, na kwa haraka gani. Akiwa mzito, watu wanatetemeka. Akiwa na papara, anafungua mno, chumba kinaungua, anafunga mno, chumba kinapoa, na anakwenda hivyo kama mlevi anayetafuta mlango wake mwenyewe.

Aliyenifundisha ni Mzee Maganga. Alikulia kwenye karakana ya reli, kwenye maboila ya mvuke, na injini za mvuke zilipokwisha akahamia hospitalini. Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye koti la bluu la mifuko minne: wa bisibisi, wa tochi, wa kitambaa cha kufutia, na wa karanga. Siku niliyoripoti nilikuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kwenye karakana ile, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya wazi. Akanirudisha nyumbani. Kesho yake nilikuja na buti za kaka yangu, nimezijaza magazeti puani, na kuanzia hapo hakuwahi kusema neno juu ya uanamke wangu. Wengine walisema, yeye hakusema.

Kontrola za wakati ule hazikuwa na kioo wala namba. Ukifungua mfuniko ulikuta skrubu tatu ndogo za shaba, zimepakwa rangi nyekundu kichwani ili mtu akizigusa ijulikane. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na Mzee Maganga hakukipenda, kwa hiyo skrubu alizipa majina yake mwenyewe. Ya kwanza aliiita Hasira: inaamua kontrola afungue vali kwa nguvu gani anapoona joto limepungua. Ya pili aliiita King'ang'anizi, kwa kuwa hata pengo likiwa dogo, nusu nyuzi tu, inaendelea kusukuma polepole mpaka pengo liishe. Ya tatu aliiita Mwoga. Hiyo inaangalia joto linavyobadilika na kushtuka mapema. Kwenye chumba cha watu, Mzee aliniambia, Mwoga mwache alale, maana kila mlango ukifunguliwa anaruka. Nimefanya kazi kwenye majengo mengi tangu siku hiyo, na Mwoga nimemwamsha mara chache sana.

Mimi Kiingereza nilikisoma. Kile kitabu nilikimaliza chote, ukurasa kwa ukurasa, na nikaanza kujiona. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Mwezi wa tano wa mwaka wangu wa tatu kazini, vali ya wodi ya njiti ilikuwa inavuja. Si sana, tone moja moja kwenye shingo ya vali, pale kijiti chake kinapopita kwenda juu na chini. Maji yalitia doa kwenye dari, na mganga mkuu alilalamika. Nikapanda juu na spana, nikakaza ile nati ya shingoni mpaka tone likakatika. Nikaikaza tena kidogo kwa uhakika. Dari ikapakwa rangi upya, mganga mkuu akanisifu mbele ya watu, na nilirudi nyumbani siku hiyo natembea kama niliyeteuliwa.

Baridi ikaingia. Sista Zuhura, muuguzi aliyesimamia wodi, akaanza kunitafuta. Alikuwa mtu wa Gongoni, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, ambaye hakupandisha sauti hata alipokasirika. Alizidi tu kuongea taratibu. Akaniambia chumba chake kinayumba: mara watoto wanatoka jasho, mara miguu yao ni ya baridi. Nilipomwambia huenda ni milango inaachwa wazi, hakubishana. Alitundika kipimajoto chake katikati ya wodi, akaanza kuandika joto kwenye daftari kila robo saa, yeye na wenzake kwa zamu. Baada ya siku mbili akanionyesha. Nyuzi ishirini na tisa, ishirini na tatu, ishirini na tisa, ishirini na tatu. Alikuwa anataka ishirini na sita.

Mzee Maganga alikuwa likizo, amekwenda kwao Kigwa kuvuna karanga. Ningeweza kumngoja. Ningeweza kumtumia salamu kwa treni, Kigwa si mbali. Lakini kitabu nilikuwa nimekisoma mimi, si yeye. Nikapanda juu, nikakwangua rangi nyekundu, nikaanza kugeuza skrubu. Niliongeza Hasira, chumba kikayumba zaidi. Nikaipunguza mpaka karibu na sifuri, kikaendelea kuyumba, polepole tu. Nikarudi kwa King'ang'anizi. Nilikuwa nageuza skrubu mbili kwa pamoja, nangoja dakika kumi, nageuza tena. Sikuandika popote. Nikiulizwa nilibadilisha nini Jumatatu, Jumatano nilikuwa sikumbuki.

Siku ya Alhamisi asubuhi niliamua kufanya lile jaribio kubwa la kitabuni: unamzima King'ang'anizi kabisa, unapandisha Hasira hatua kwa hatua mpaka chumba kianze kuyumba kwa mpigo ulio sawa, halafu unapima mpigo huo na kupata vipimo vyako. Ni jaribio zuri. Ila linafanywa kwenye chumba kitupu. Mimi nililifanya kwenye chumba chenye watoto tisa.

Nilikuwa juu ya dari muda wa saa moja na nusu asubuhi nilipoitwa chumba cha upasuaji. Mashine ya kuchemshia vifaa ilikuwa imegoma na mgonjwa alikuwa amekwisha lazwa mezani. Nikashuka, nikijiambia ni dakika kumi. Nilikaa kule saa nzima na zaidi. Niliporudi wodini, feni ilikuwa imezimwa na madirisha yamefungwa. Kipimajoto cha Sista kilisoma kumi na tisa. Feni ilikuwa imepuliza hewa ya nje, hewa ya asubuhi ya mwezi wa sita, muda wote ule, na vali ya maji ya moto ilikuwa imefunga.

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye vitanda vyao na watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa mablanketi mpaka shingoni. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Puge aliyejifungua pacha wa kike, Kulwa na Dotto. Kulwa alikuwa naye kifuani. Dotto, aliyekuwa mdogo kuliko watoto wote wodini, alikuwa kwa Sista Zuhura. Sista alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, amefungua vifungo vya gauni lake la kazi, yule mtoto amelala juu ya kifua chake, na huku anatoa maagizo kwa sauti ileile ya chini. Mdomo wa mtoto ulikuwa na rangi ya bluu. Alikuwa amekataa maziwa.

Sista aliniuliza kama najua kumetokea nini. Nikasema naenda kuangalia.

Nikapanda juu, nikarudisha skrubu zote nilikodhani zilikuwa mwanzo. Nilipokuwa bado nimeshika bisibisi, vali ikashtuka yenyewe, tak, na maji ya moto yakaanza kupita. Nikashuka nikawasha feni. Kisha nikaenda karakanani, nikafungua kitabu cha kazi, na nikaandika: Wodi ya njiti, ukaguzi wa kawaida, hakuna mabadiliko.

Sikuandika hivyo kwa kupanga. Mkono uliandika kitu ambacho kingenifanya nisiulizwe. Lakini niliandika.

Daktari alimpima Dotto. Mtoto njiti aliyepoa, mwenye rangi ya bluu, asiyenyonya: akauliza kama chumba kilikuwa na hitilafu, akaambiwa fundi amekagua na hakukuta kitu. Basi akahofia maambukizi ya damu, akaandika sindano. Uongozi nao ukajiuliza chumba kilipoaje, na kama mitambo ya juu ni mizima, kilichobaki ni boila. Mwendesha boila alikuwa Ramadhani, mtu mpole mwenye watoto sita, na asubuhi ile alikuwa ametoka kidogo kunywa chai. Hakuweza kusema kwa uhakika kwamba moto haukuzimika. Akapewa barua ya kujieleza.

Ijumaa tulikutana koridoni. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Skola, wewe ulikuwa juu kule. Maji yaliyokuwa yanafika yalikuwa ya baridi?"

Nikamwambia sikumbuki.

Niliyagusa mabomba asubuhi ile. Yalikuwa yanachoma.

Mzee Maganga alirudi Jumatatu na gunia dogo la karanga begani. Tulisalimiana, akauliza habari za kazi, nikasema nzuri, ila wodi ya njiti inayumba. Hakukimbilia ngazi. Alikwenda kwa Sista Zuhura kuomba lile daftari, akakaa nalo benchi la koridoni, akalisoma kwa kidole kama anayesoma msahafu. Akachukua kipande cha karatasi ya miraba, akaanza kuweka nukta, joto kwa wakati, siku kumi nzima. Akaunganisha nukta. Nikaona mlima na bonde, mlima na bonde, ukurasa mzima.

"Hapa uligeuza skrubu," akasema, na kidole chake kilikuwa mahali penyewe. "Na hapa. Na hapa. Mlima umepungua, umeongezeka, lakini haukuondoka hata mara moja. Basi ugonjwa hauko kwenye skrubu."

Tukapanda juu wote wawili. Akanishika mkono, akauweka kwenye kijiti cha vali, akaniambia nisiutoe. Tukakaa. Nilisikia mota ya vali inaunguruma, inavuta, lakini kijiti chini ya vidole vyangu hakikutikisika. Mota ikaendelea kuvuta. Dakika mbili, tatu. Ghafla kijiti kikaruka, kwa mpigo mmoja, kupita pale kilipotakiwa kusimama. Kikakwama tena. Nilielewa palepale. Kontrola alikuwa anaomba kidogo, hapewi. Anaomba zaidi, hapewi. Kisha anapewa yote kwa mkupuo. Hakuna skrubu duniani inayoweza kutibu hilo.

Mzee alimulika tochi kwenye shingo ya vali. "Hii nati nani aliikaza?"

Nikasema ni mimi, mwezi wa tano, ilikuwa inavuja.

Akahamisha tochi kwenye kontrola. "Na hii rangi imekwanguliwa lini?"

Hapo nikamwambia yote. Jaribio, chumba cha upasuaji, kitabu cha kazi, Ramadhani. Nililia, na juu ya dari hakuna mahali pa kugeuzia uso. Mzee Maganga hakunikemea. Alitoa karanga chache, akatafuna taratibu, akanipa na mimi moja, nikaishika mkononi nisijue niifanyeje.

"Haya," akasema. "Vali tunaitengeneza sasa hivi, watoto hawawezi kungoja. Hilo lingine utalitengeneza mwenyewe, kabla ya chakula cha mchana."

Alilegeza nati robo mzunguko, akasikiliza, akalegeza tena kidogo. Kijiti kikaanza kwenda laini chini ya vidole vyangu. Tone moja likajitokeza shingoni, likadondoka. Nilitaka kuikaza kidogo, akanizuia. Akasema tutaagiza pakingi mpya, kile kizibo kinachobanwa na nati kuzunguka kijiti, na mpaka ifike tuweke kopo. Tukaweka kopo la nyanya, na kwa miezi minne nililimwaga kila Jumamosi.

Nilianza kwa Sista Zuhura, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa zaidi. Alikuwa anapima uzito wa watoto. Nilimweleza nimesimama wima, kama mwanafunzi. Hakuacha kupima mpaka nilipomaliza.

"Kwa nini hukuniambia Alhamisi ileile?" akaniuliza. "Ningemkumbatia vilevile. Ila ningejua ni baridi. Huyu mtoto amechomwa sindano siku nne kwa ugonjwa ambao labda hana, kwa sababu niliambiwa chumba ni kizima."

Vijana wangu, nimepewa barua moja tu ya onyo katika maisha yangu, nayo ni ya mkasa huu. Barua ile niliisoma mara moja, nikaiweka kabatini, nikaisahau. Maneno ya Sista sijayasahau. Nilikuwa nimedhani nimeandika uongo kwenye kitabu cha mitambo. Kumbe niliuandika kwenye faili la mtoto.

Akanituma kwa mama yake Dotto. Alisema hilo halihusu uongozi, ni haki yake kujua. Yule mama hakukijua sana Kiswahili, nikamweleza kwa Kinyamwezi, nimechutama kando ya kitanda chake. Nilimweleza kwamba chumba kilipoa kwa kosa langu, na kwamba mtoto huenda hakuwa na ugonjwa. Alinisikiliza, Kulwa amelala kifuani, Dotto mkononi, wa rangi yake ya kawaida sasa. Sikujua kama atanitukana au atanilaani.

Akauliza kitu kimoja tu: "Sasa hicho chumba kimepona?"

Nikasema kimepona. Akasema, "Wabeja," yaani asante, na akaendelea kumnyonyesha mtoto. Afadhali angenitukana. Daktari alisimamisha sindano siku hiyo, na baada ya wiki tano pacha wote wawili walirudi Puge, wanene kuliko tulivyotarajia.

Ramadhani nilimkuta boilani kwake, anajaza dizeli. Nilimweleza, nikamwambia nimeshasema kwa uongozi na barua yake itafutwa. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akasema, "Nilikuuliza, Skola." Basi. Barua yake ilifutwa, yangu ikaandikwa. Alichukua karibu mwaka kuanza kuniamkia tena bila mimi kutangulia, na sikumlaumu hata siku moja.

Kuseti kwenyewe tulikufanya wiki iliyofuata, kwa utaratibu. Sista alihamisha watoto wote chumba cha pili kwa siku nzima, na sisi tukabaki na wodi tupu. Mzee Maganga alinipa daftari jipya, akasema leo yeye atakaa tu. Nikamzima King'ang'anizi. Nikaweka Hasira chini, nikaandika. Nikabadilisha joto linalotakiwa kwa nyuzi mbili, nikangoja, nikaandika kila dakika tano. Nikapandisha Hasira kidogo, nikangoja. Kila nilipotaka kugeuza tena mapema, Mzee alikohoa. Kufika saa nane mchana chumba kilianza kuyumba kwa mpigo ulio sawa, mlima baada ya mlima, kila baada ya dakika kumi na nane. Nikapunguza Hasira kufika nusu ya pale. Mlima ukafa. Chumba kikatulia, ila chini kidogo ya tulikotaka, pungufu ya nyuzi moja. Nikamwamsha King'ang'anizi, kidogo sana, na tukatazama kipimajoto kikipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo: ishirini na tano na nusu, na robo tatu, ishirini na sita. Kikasimama.

Tulikaa tukikitazama kwa muda mrefu. Nimeona mambo mengi mazuri katika kazi hii, lakini sijaona uzuri kama wa ule mstari ulionyooka kwenye karatasi ya miraba, niliouchora mwenyewe kwa penseli.

Msidhani kila siku ilikuwa hivyo. Kuna jengo moja la ofisi mjini, nilikwenda kulihudumia miaka ya baadaye, ambako wakubwa wawili waligombana kila siku juu ya hewa, mmoja anataka baridi, mwingine anataka joto, nao wanatumia feni moja. Nilichoka. Nikamfungia kila mmoja kidude cha kugeuza ukutani kwake, kizuri, chenye namba. Nyuma ya ukuta hakikuunganishwa na waya wowote. Malalamiko yalikwisha. Mmoja wao alinipigia simu kunishukuru, akasema sasa anaweka kwenye ishirini na mbili na analala usingizi mzuri nyumbani. Sijui mwalimu wenu atasema nini juu ya hilo, lakini ni kweli.

Siku hizi kontrola anajiseti mwenyewe. Miaka ya mwisho ya kazi yangu, injinia mmoja wa kike aliyeko Dar aliseti mitambo yetu akiwa kwake, kwa kompyuta, kwa dakika kumi na mbili, kisha akanipigia: "Mama, iko poa." Na kweli ilikuwa poa, vizuri kuliko nilivyowahi kuseti mimi. Sikuona wivu. Nilichokiona ni upweke kidogo, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukaa naye kukitazama kipimajoto. Nilimwomba jambo moja tu: kila mara kompyuta ikimwambia imeshindwa kuseti, asiilazimishe, anipigie kwanza nikashike vali kwa mkono. Alipiga mara tatu kabla sijastaafu. Mara mbili ilikuwa ni vali. Mara moja mtu alikuwa ametundika koti lake juu ya sensa.

Mzee Maganga alifariki nikiwa bado kazini. Tulikwenda Kigwa kumzika, sisi wa karakana tumejaa kwenye gari la hospitali, Ramadhani amekaa karibu nami njia nzima. Mjane wake alinipa lile koti la bluu. Sikulivaa, lilikuwa fupi kwangu, lakini nililining'iniza karakanani mpaka siku niliyoondoka.

Siku hiyo ya kuondoka walinifanyia sherehe ndogo, soda na keki na maneno marefu. Yalipokwisha nikatoroka, nikaenda wodi ya njiti, nikakaa kwenye benchi la akina mama. Sikuwa na chombo chochote mkononi. Ilikuwa mwezi wa saba, na nje upepo wa baridi ulikuwa unapeperusha mavumbi. Kando yangu alikaa mama kijana, kichanga chake kifuani, khanga begani. Nikamsalimia, nikamuuliza anaendeleaje.

Akaanza. Uji wa asubuhi unachelewa, na ukija una mabonge. Nesi wa zamu ya mchana ana kelele. Ndugu zake wanaruhusiwa kumwona nusu saa tu, na shangazi yake ametoka mbali. Godoro limebonyea katikati. Bomba la bafuni linapiga kelele. Chakula hakina chumvi. Alinihesabia yote, mpaka rangi ya mapazia hakuipenda, na mimi nilimsikiliza mpaka mwisho, nikingoja aseme neno moja juu ya joto la kile chumba, au juu ya baridi.

Hakusema. Mtoto wake alikuwa amelala, miguu imechomoza nje ya blanketi.